Mzuka Usioonekana: Sayansi ya Hofu katika Filamu za Nyumba za Mizuka

Katika filamu iitwayo The Haunting, iliyotolewa mwaka 1963, watu wanne wamekaa usiku katika sebule ya jumba kubwa la kale. Milango imefungwa. Huko nje, ukumbini, kishindo kizito kinasogea hatua kwa hatua. Kinafika mlangoni, kisha kinanyamaza. Ndipo mlango, ambao ni wa mbao nene, unapoanza kubenuka polepole kuelekea ndani, kana kwamba kuna kitu kikubwa kinachousukuma kwa bega. Unarudi mahali pake, kisha unabenuka tena. Lakini haufunguki, wala hakuna kitu kinachoingia. Mpaka filamu inakwisha, mtazamaji haonyeshwi mzuka hata mmoja.

Aliyekuwa nyuma ya mlango ule ni fundi mmoja mwenye nguvu, aliyeusukuma kwa kipande cha boriti. Mlango wenyewe ulitengenezwa kwa tabaka nyembamba za mbao zilizogundishwa pamoja, ili upindike bila kuvunjika. Hata hivyo, mandhari hiyo yahesabiwa miongoni mwa zile zinazotisha zaidi katika historia ya sinema. Mwaka 1999 ilitengenezwa filamu nyingine kutokana na riwaya ile ile ya mwandishi wa Kimarekani Shirley Jackson, iliyochapishwa mwaka 1959. Safari hii gharama zilikuwa kubwa mara nyingi zaidi, na mizuka ilichorwa kwa kompyuta na kuonyeshwa wazi mbele ya macho ya watazamaji. Wahakiki wengi waliipokea kwa ubaridi, na wengi wao walisema kwamba haikuwatisha.

Hapa pana swali linalomhusu mwanasayansi kama linavyomhusu msanii. Yawezekanaje kitu kisichoonekana kitishe kuliko kile kinachoonekana? Na kama hofu ni jambo la kuumiza, kwa nini watu wenye akili timamu hununua tiketi ili waogopeshwe? Makala haya yanakusudia kueleza kwamba majibu ya maswali haya mawili yanapatikana katika namna macho, masikio na ubongo wa binadamu vinavyofanya kazi pale habari zinapokuwa pungufu. Mwishoni itaonyeshwa kwamba maarifa hayo hayaishii katika burudani, kwani huweza kuokoa maisha.

Filamu tatu na mbinu zake

Zipo filamu za kutisha zinazotegemea damu, majeraha na vitisho vya ghafla. Hizo si mada ya makala haya. Kundi linalozungumziwa hapa ni la filamu tulivu, ambamo nyumba ndiyo mhusika mkuu, na ambamo kitisho hujengwa kwa kivuli, ukimya, sauti ya mbali na mashaka. Mifano mitatu inatosha kuonyesha tabia za kundi hilo.

Mfano wa kwanza ni The Haunting yenyewe, iliyoongozwa na Robert Wise. Mwongozaji huyu alitaka kuta za jumba zionekane kama zimepinda kidogo, hata mtazamaji asiweze kusema ni kasoro gani hasa anayoiona. Kwa ajili hiyo aliomba lenzi ya milimita 30 ambayo watengenezaji wake, kampuni ya Panavision, walikuwa hawajaikamilisha kwa sababu ilipotosha umbo la vitu. Alipewa baada ya kutia sahihi hati ya kukiri kwamba anajua ina kasoro. Kwa mtengenezaji ilikuwa kasoro, lakini kwa Wise ndiyo iliyokuwa faida. Aidha, sauti za vishindo na milio zilirekodiwa mapema, zikachezwa mahali pa kupigia picha ili waigizaji wapate kitu halisi cha kuwashtua.

Mfano wa pili ni The Innocents, filamu ya Kiingereza ya mwaka 1961 iliyoongozwa na Jack Clayton kutokana na hadithi ya Henry James ya mwaka 1898. Mlezi wa watoto anaamini kuwa wafanyakazi wawili waliokufa wanawaandama watoto wawili anaowalea. Mtazamaji hajui kamwe kama mizuka ipo, au kama ni akili ya mlezi iliyochoka. Mpiga picha wake, Freddie Francis, alipaka rangi vioo vilivyowekwa mbele ya lenzi ili kingo za picha ziwe na giza. Hivyo macho ya mtazamaji hubaki katikati penye mwanga, huku pembeni pakimsumbua.

Mfano wa tatu ni The Others, ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Mhispania Alejandro Amenábar. Mambo yake yanatokea mwaka 1945 katika kisiwa cha Jersey. Mama mmoja anaishi na watoto wake wawili wenye ugonjwa unaowafanya wasistahimili mwanga. Mapazia hayafunguliwi, na kila mlango hufungwa kwa ufunguo kabla mwingine haujafunguliwa. Hakuna damu katika filamu hiyo, wala hakuna zimwi. Hata hivyo, iliyogharimu dola milioni 17 hivi ilikusanya zaidi ya dola milioni 200 duniani. Ni dhahiri basi kwamba utulivu wa aina hii haupendwi na wasomi wachache tu.

Mwili unapoogopa

Kabla ya kueleza kwa nini mzuka usioonekana hutisha, yafaa ikumbukwe jinsi hofu inavyotokea mwilini. Ndani ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, kuna vifundo viwili vidogo vyenye umbo la lozi viitwavyo amigdala. Vifundo hivi hupokea habari kutoka katika milango ya fahamu na kushiriki katika kupima kama kuna hatari. Hatari ikihisiwa, ishara hupelekwa katika neva na katika tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo hupiga kwa kasi, mboni za macho hupanuka, viganja hutoka jasho, na damu huelekezwa katika misuli. Mwili umejiandaa kupigana au kukimbia.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba matayarisho hayo hayasubiri uthibitisho. Methali husema kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Anayeruka kwa kudhani kamba ni nyoka amepoteza nguvu kidogo tu, bali anayedhani nyoka ni kamba aweza kupoteza uhai. Kwa kuwa makosa haya mawili hayana gharama sawa, si ajabu kwamba mwili huelekea kukosea upande wa tahadhari. Filamu tulivu ya nyumba ya mizuka imejengwa juu ya tabia hiyo. Humwonyesha mtazamaji unyasi kwa saa moja na nusu, na nyoka hatokei.

Nguvu ya kutokuwa na hakika

Jaribio lililofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha London na kutangazwa mwaka 2016 linatoa mwanga mkubwa hapa. Watu 45 waliojitolea walicheza mchezo wa kompyuta ambamo walibashiri kama chini ya jiwe fulani kuna nyoka. Nyoka alipokuwapo, walipigwa shoti ya umeme mkononi, yenye kuuma bali isiyodhuru. Kwa kuwa nyoka aliwekwa kwa utaratibu uliobadilika-badilika, mara nyingine walikuwa na hakika ya kuumizwa, mara nyingine walikuwa na hakika ya kusalimika, na mara nyingine walikuwa katikati. Watafiti walipima jasho na upana wa mboni, na pia waliwauliza washiriki wenyewe.

Mtu angetarajia kwamba wasiwasi ungeongezeka kadiri uwezekano wa kuumizwa unavyoongezeka, na kufikia kilele pale maumivu yalipokuwa hakika. Sivyo ilivyokuwa. Wasiwasi ulifikia kilele pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu, yaani asilimia 50. Aliyejua kwa hakika kwamba ataumizwa alikuwa mtulivu kuliko yule ambaye hakujua.

Matokeo hayo yanaeleza vizuri tofauti ya filamu mbili za The Haunting. Mzuka ukishaonyeshwa, shaka hupungua. Mtazamaji huona ukubwa wake, mwendo wake na namna ulivyotengenezwa, kisha akili yake hupata kazi nyepesi ya kuukadiria. Lakini mlango unaobenuka bila kufunguka humweka katika ile asilimia 50. Hawezi kusema kwamba kuna kitu, wala hawezi kusema kwamba hakuna.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Turku, Finland, walitangaza mwaka 2020 uchunguzi walioufanya kwa kuwapima watu ubongo huku wakitazama filamu za kutisha. Waliona kwamba katika vipindi vya taharuki, yaani wakati tisho linajengeka polepole, zile sehemu za ubongo zinazoshughulikia kuona na kusikia ziliongeza kazi. Katika mshtuko wa ghafla, kazi iliongezeka zaidi katika sehemu zinazohusika na hisia, upimaji wa hatari na uamuzi wa kutenda. Watazamaji waliohojiwa walisema pia kwamba mambo yasiyoonekana au yaliyodokezwa tu huwatisha kuliko yaliyo wazi. Kwa maneno mengine, filamu tulivu humfanya mtazamaji awe macho zaidi. Kila kivuli hupekuliwa, na kila mlio husikilizwa.

Jicho gizani

Giza lina nafasi ya pekee katika filamu hizi, na sababu yake inapatikana katika maumbile ya jicho. Katika retina, ambayo ni kiwambo kilicho nyuma ya jicho, kuna aina mbili za seli zinazopokea mwanga. Koni, ambazo ni milioni 5 hivi, hufanya kazi katika mwanga wa kutosha, hutambua rangi, na zimesongamana zaidi katikati ya retina. Fito, ambazo ni zaidi ya milioni 90, hufanya kazi katika mwanga hafifu, hazitambui rangi, na hazipo kabisa katika kitovu cha retina.

Kutokana na mpangilio huo, kitu chenye mwanga hafifu huonekana vizuri zaidi kikitazamwa kwa pembeni. Mtu akikikazia macho moja kwa moja, taswira yake huangukia mahali pasipo na fito, nacho hutoweka. Hii ndiyo sababu watu wengi husema kwamba waliona umbo pembeni mwa macho usiku, nao walipogeuka kulitazama, halikuwapo. Wala hawasemi uongo: jicho lenyewe lina tabia hiyo.

Zaidi ya hayo, jicho huhitaji muda wa takriban nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na mwanga mmoja mkali hulirudisha nyuma mara moja. Mpiga picha anapoweka mshumaa mmoja mkononi mwa mwigizaji na kuacha ukumbi uliobaki katika giza, macho ya mtazamaji hujirekebisha kwa mshumaa, na pembe za ukumbi huwa matundu meusi. Ubongo haupendi matundu. Huyajaza kwa maumbo unayoyafahamu, na umbo unaloliharakia kuliko yote ni uso wa mtu. Tabia hiyo ndiyo humfanya mtoto aone nyuso katika mawingu, na mtu mzima aone mtu amesimama katika vazi lililotundikwa ukutani.

Giza pia huathiri mshtuko wenyewe. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba watu hushtuka zaidi kwa sauti ya ghafla wakiwa gizani kuliko wakiwa kwenye mwanga. Hivyo kizingiti cha hofu kimekwisha kushushwa kabla filamu haijasema neno.

Sikio na nyumba

Kama giza hulinyima jicho habari, sauti hulipa sikio habari nusu. Binadamu hutambua mahali sauti inapotoka kwa kulinganisha masikio yake mawili. Sauti itokayo kulia hufika sikio la kulia mapema kidogo, kwa tofauti isiyofikia hata elfu moja ya sekunde. Lakini ndani ya nyumba sauti hugonga kuta, hurudi na kuchanganyika, na mlango uliofungwa hupunguza zaidi ile milio myembamba kuliko mizito. Kinachomfikia msikilizaji ni kishindo kisicho na mahali maalumu. Anajua kuna kitu, lakini hajui kiko wapi.

Mwaka 1998 ulichapishwa uchunguzi ulioonyesha kwamba watu huiona sauti inayoongezeka kuwa imebadilika zaidi kuliko sauti inayopungua kwa kiasi kile kile. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba sauti inayoongezeka mara nyingi ni ya kitu kinachokaribia, na kiumbe anayewahi kutambua kinachokaribia hupata nafasi ya kujiokoa. Vile vishindo vinavyosogea ukumbini katika filamu ya Wise vinaitumia tabia hiyo hiyo ya sikio.

Nyumba halisi nazo zina sauti zake. Msomaji anayelala chini ya paa la mabati anaifahamu milio inayosikika baada ya jua kutua. Kila mita moja ya chuma hurefuka au kufupika kwa milimita 0.012 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto. Bati la mita 3 likipoa kwa nyuzi 30 hufupika kwa milimita 1 hivi. Misumari hulizuia, mkazo hukusanyika, kisha bati huteleza ghafla na kulia. Mbao nazo hupoa na kukauka kwa namna yake, na hivyo milio haifuati mpango. Nyumba ya mawe na mbao ya Ulaya hulia hivyo hivyo, hasa usiku, wakati ambapo kelele nyingine zimekoma. Mtengenezaji wa filamu hahitaji kubuni sauti ya mzuka. Hukuza tu sauti ambayo kila mtu amewahi kuisikia akiwa macho peke yake.

Ubongo humtafuta mtendaji

Sauti ikishasikika, ubongo huuliza haraka zaidi "ni nani?" kuliko "ni nini?" Vic Tandy, mhandisi wa Coventry, Uingereza, alieleza mwaka 1998 mkasa wa maabara aliyofanyia kazi. Watu walihisi baridi na huzuni humo, naye mwenyewe usiku mmoja aliona umbo la kijivu pembeni mwa macho yake. Siku iliyofuata aliona upanga mwembamba wa michezo, aliokuwa ameubana katika jiliwa, ukitetemeka wenyewe. Mtu mwingine angekimbia. Tandy alitafuta chanzo, akagundua kwamba feni mpya ya kutolea hewa ilitoa mawimbi ya mitetemo 19 hivi kwa sekunde, chini kidogo ya kiwango cha chini ambacho sikio hukisikia, ambacho ni mitetemo 20. Feni iliporekebishwa, mambo yale yalikoma. Kwa kuwa sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, urefu wa wimbi hilo ni 340 kugawanywa kwa 19, yaani karibu mita 18. Nusu yake ni mita 9, ambao ni urefu wa kawaida wa chumba kikubwa.

Maelezo hayo yanavutia, lakini sayansi hairidhiki na tukio moja. Watafiti wa London walijenga chumba ambamo waliweza kutoa mawimbi ya aina hiyo, pamoja na nguvu za sumaku na umeme, bila washiriki kujua wakati gani yapo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Watu 79 waliingia, mmoja mmoja, baada ya kuambiwa kwamba huenda wakahisi mambo yasiyo ya kawaida. Wengi wao waliyahisi kweli, ila hisia hizo hazikutegemea kama mawimbi yalikuwapo au hayakuwapo. Maelezo yaliyofaa zaidi yalikuwa matarajio yao wenyewe.

Funzo hilo linatosheleza kueleza kwa nini filamu hizi huanza polepole. Nusu saa ya kwanza, ambamo hakuna kinachotokea ila masimulizi kuhusu nyumba na waliofia humo, si muda uliopotea. Ni wakati wa kupanda matarajio, nayo yakishaota, mlio mmoja wa ngazi unatosha.

Kwa nini hofu hupendeza

Limebaki swali la pili. Watafiti wa Denmark walitangaza mwaka 2020 uchunguzi uliofanywa katika nyumba ya burudani ambamo wageni hulipa ili watishwe. Watu 110 walivalishwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo, kisha wakaulizwa waliogopa kiasi gani na walifurahi kiasi gani. Uhusiano ulikuwa na umbo la kilima. Hofu ndogo ilileta furaha ndogo, hofu ya wastani ilileta furaha kubwa, na hofu iliyopita kiasi ilipunguza furaha tena. Filamu tulivu huweza kumweka mtazamaji karibu na kilele cha kilima hicho kwa muda mrefu, kwa sababu ile sehemu ya kitisho inayoachwa wazi hujazwa na kila mtu kwa kadiri anavyostahimili.

Lakini starehe hiyo ina sharti moja: mtazamaji ajue kwamba yu salama. Moyo hupiga kwa kasi kama wa mtu aliye hatarini, huku sehemu nyingine ya akili ikikumbuka kwamba kiti ni kiti na taa zitawashwa. Katika hali hiyo mtu huweza kuichunguza hofu yake mwenyewe, kama mwanafunzi anavyochunguza nyoka aliye ndani ya chupa.

Ipo sababu nyingine iliyo ya ndani zaidi. Mwaka 1919 daktari wa Vienna, Sigmund Freud, aliandika insha juu ya hisia ambayo Kijerumani huiita kwa neno lenye mzizi wa "nyumbani", lililotiwa kikanushi. Alieleza kwamba si kila kigeni hutisha kwa namna hiyo. Kinachotisha ni kile kilichokuwa cha nyumbani, kikafichwa, kisha kikarudi kikiwa kimegeuka. Nyumba ndipo mahali mtu anapolala bila silaha. Ikigeuka, hana pa kukimbilia.

Ndiyo maana filamu bora za aina hii huwa na msiba wa kibinadamu chini ya mzuka. Eleanor, mhusika mkuu wa The Haunting, amemwuguza mama yake kwa miaka mingi. Usiku mama alipokufa aligonga ukuta kuomba msaada, na Eleanor hakwenda. Mtazamaji akilifahamu jambo hilo, vishindo vya ukumbini hubadilika maana. Hajui tena kama anasikia mzuka au dhamiri ya mtu. Hapo hofu huungana na huruma, na filamu hubaki moyoni muda mrefu baada ya mapigo ya moyo kutulia.

Pale filamu inapokoma na maisha yanapoanza

Katika sinema, swali lisilojibiwa ni starehe. Katika maisha, swali lisilojibiwa laweza kuua. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Kimarekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia moja iliyohamia katika nyumba ya zamani mwaka 1912. Baada ya muda mfupi wakazi walianza kusikia nyayo usiku na kuona watu wasiokuwapo. Watoto walikuwa wamepauka, watu wazima waliumwa kichwa na kulemewa, na hata mimea ya ndani ilikufa. Kila dalili ya nyumba ya mizuka ilikuwapo.

Hatimaye tanuri la kupasha nyumba joto lilikaguliwa. Lilikuwa bovu, na moshi wake uliingia vyumbani badala ya kutoka nje. Moshi huo ulikuwa na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotokea pale kuni, mkaa au mafuta yanapoungua bila oksijeni ya kutosha. Gesi hii hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ubongo hukosa oksijeni, nao huanza kwa maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kuchanganyikiwa. Familia ile ingetosheka na jibu la mizuka, huenda isingebaki hai.

Habari hii si ya Marekani peke yake. Katika Afrika Mashariki, watu hufa kwa sababu ya kulala na jiko la mkaa linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa madirisha ili kuzuia baridi. Gesi ni ile ile. Anayeamka usiku akiwa na kichwa kizito, akihisi kwamba kuna kitu chumbani kinachomkandamiza, asiketi kujiuliza ni nani aliyemtuma. Afungue mlango na madirisha, awatoe wenzake nje, na apelekwe hospitali.

Kwa hiyo mwalimu asiwakataze wanafunzi kuzipenda filamu hizi, wala asiwacheke wanaoogopa. Hofu yao ni kazi ya macho, masikio na ubongo vilivyo vizima. Jambo la kuwafundisha ni hatua inayofuata hofu, ambayo filamu huiacha kwa makusudi: kuwasha taa, kupima, na kuuliza "ni nini?" kabla ya kuuliza "ni nani?"

Majaribio na maswali kwa darasa

1. Usiku usio na mbalamwezi, tafuta nyota hafifu. Itazame moja kwa moja, kisha itazame kwa pembeni kidogo. Eleza tofauti kwa kutumia maneno fito na koni.

2. Mwanafunzi mmoja afungwe kitambaa machoni. Mwenzake agonge vijiti viwili kulia, kushoto, mbele na nyuma yake, na aliyefungwa aonyeshe sauti inakotoka. Rudieni huku ameziba sikio moja. Andikeni makosa katika jedwali.

3. Bati la chuma lenye urefu wa mita 4 linapoa kutoka nyuzi 55 hadi nyuzi 20. Litafupika kwa milimita ngapi?

4. Feni hutoa mawimbi ya mitetemo 17 kwa sekunde. Tafuta urefu wa wimbi lake hewani.

5. Watafiti wa chumba cha London waliwaambia washiriki mapema kwamba huenda wakahisi mambo yasiyo ya kawaida. Pendekeza kikundi cha pili ambacho kingesaidia kupima nguvu ya matarajio hayo.

6. Chunguza nyumbani kwako ni wapi moto huwashwa na hewa hupitia wapi. Andika mambo mawili ambayo familia yaweza kuyafanya wiki hii ili kupunguza hatari ya kaboni monoksaidi, kisha yajadili na wazazi wako.